Alhamisi za Lamzira

Lamzira hajawahi kunishinda sataranji. Naanza na hilo lisije likasahaulika huko mbele, maana watu wa Kutaisi ni wepesi wa kusahau mambo yangu na wepesi zaidi wa kukumbuka ya Lamzira. Tulianza pamoja tukiwa wasichana wa shule, kwa mwalimu mmoja, katika chumba kimoja chenye jiko la kuni lililokuwa likitutoa machozi kwa moshi. Nilimpiga wakati wa theluji, nikampiga wakati wa zabibu. Nilimpiga siku aliyokuwa na homa, na siku niliyokuwa na homa mimi nikampiga vilevile. Mwisho wa yote mimi nikapata cheo cha ubingwa, yeye akapata mume, akahamia Batumi.

Mume akafa, Mungu amlaze pema, na Lamzira akarudi na nywele alizozipaka rangi nyekundu kama pilipili. Mkurugenzi wa Nyumba ya Sataranji akampa darasa linalopakana na langu. Kati yetu pana ukuta wa mbao na kabati la vikombe vya ushindi. Vikombe vyenyewe, kama hujui, vingi ni vyangu.

Sasa nikueleze ninavyofundisha mimi, uamue mwenyewe. Kila anayeingia darasani kwangu anatia simu yake ndani ya sufuria iliyo mlangoni, sufuria kubwa ya maharage niliyoileta kutoka nyumbani. Simu za siku hizi zina mashine ya sataranji ndani yake. Unaiwekea mchezo wako, nayo inakwambia papo hapo wapi ulicheza vizuri na wapi ulicheza kijinga, na watoto wanaiamini kuliko padri. Nikasema kwangu hapana, kwangu mtu atatumia kichwa chake. Simu zikishalala kwenye sufuria, nasimama mbele ya ubao mkubwa wa ukutani na kueleza. Naeleza vizuri, hata wasionipenda wanakubali. Mtoto akiniletea mchezo alioshindwa, nautupia jicho mara moja na kumwonyesha: hapa ndipo ulipoharibu, farasi alitakiwa aende huku, kwa sababu hii na hii. Mtoto anaitikia kwa kichwa. Wazazi waliokaa nyuma nao wanaitikia. Hakuna anayetoka darasani kwangu na swali.

Darasa la Lamzira lilikuwa soko. Kupitia ule ukuta nilikuwa nasikia wasichana wakibishana, wakipigiana meza, wakicheka, halafu kimya cha ajabu kama wote wamesinzia, halafu kelele tena. Sauti ya mwalimu mwenyewe nilikuwa siisikii. Nilichosikia ni maganda. Lamzira anakula mbegu za alizeti kutwa nzima, tk, tk, tk. Nikajua huyu hafundishi, anapokea mshahara kwa kutafuna. Uvivu wake naujua tangu utotoni, kazi zake za nyumbani nilikuwa namfanyia mimi.

Kisha wasichana wake wakaanza kuwapiga wasichana wangu.

Mara ya kwanza nikasema ni bahati. Mara ya pili nikasema wangu ana mafua. Kufika majira ya kuchipua nilikuwa nimemaliza visingizio vyote, na nilikuwa nikimwona Lamzira kwenye korido natabasamu mpaka mashavu yananiuma. Ule haukuwa uchungu wa kushindwa, kushindwa nakujua. Ulikuwa wivu, ule wa mke aliyeletewa mke mwenza. Nilikuwa naamka nao, napika nao, natia chumvi kwenye chai badala ya sukari.

Lakini nilikuwa na Tatuli, na mwenye Tatuli hakuhitaji kitu kingine.

Tatuli ni binti wa kaka yangu Otari. Mimi sikujaliwa mtoto, na huyo nilimlea kwenye mapaja na ubao mbele yetu. Kete alizijua kabla ya herufi. Alikuwa akilala ameshika kobe, ndivyo tunavyoiita sisi ile kete inayokwenda mshazari, na mama yake, wifi yangu Nargiza, alikuwa akinilaumu kwamba iko siku mtoto ataimeza. Sasa ni msichana mkubwa, mrefu, mkimya, anauma kucha. Alikuwa na kila kitu nilichowahi kumwambia, amekihifadhi bila kupoteza hata chembe. Nilijua atakwenda mbali kuliko mimi, na nilijua siku atakaponyanyua kikombe cha nchi nzima watamuuliza nani kakufundisha, naye atataja jina langu. Hilo tu ndilo nililolitaka duniani, na sioni kama lilikuwa kubwa mno.

Mwezi wa Aprili akacheza na Eka, msichana wa Lamzira, mfupi, mnene, mwenye mdomo. Tatuli alianza vizuri, hatua kwa hatua kama nilivyomfundisha. Halafu Eka akacheza kitu cha ovyo, kitu ambacho hakimo kwenye masomo yangu kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayekicheza. Nikamwona Tatuli anainua kichwa. Ananitafuta kwa macho. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kamba, jibu ninalo mdomoni, na sheria hairuhusu hata kukohoa. Akababaika, akashindwa.

Kwetu mchezo hauishi kwa kupeana mikono. Waliocheza hukaa palepale, hurudisha kete na kuupitia mchezo pamoja, kila mmoja akisema alichokuwa akikifikiria. Mshindi hawezi kukataa. Kuondoka bila kuupitia mchezo ni ukosefu wa adabu, ni sawa na kuondoka mezani kabla marehemu hawajakumbukwa. Basi wakakaa, Tatuli na Eka, vichwa vikigusana. Nikaenda. Nikapitisha mkono katikati yao, nikachukua farasi, nikamweka mahali pake.

"Hapa," nikasema. "Farasi hapa, na mwenzako kwisha."

Eka akanitazama. "Mwalimu, samahani, bado tulikuwa tunatafuta."

"Sasa si nimewapatia?"

"Ndiyo, Mwalimu," akasema yule mwenye mdomo. "Umetupatia."

Nilidhani anashukuru.

Siku ya kuzaliwa kwa Tatuli tulikusanyika kwa Otari. Nargiza alikuwa amepika kama anayelisha jeshi: mikate ya jibini, kuku kwa karanga za wolnati, maharage, mchuzi wa plamu mbichi. Otari ndiye aliyekuwa tamada, msemaji wa meza, na kaka yangu akiwa tamada hakuna glasi inayonyanyuliwa bila yeye kuhutubia kwanza. Tukanywa kwa ajili ya amani, tukanywa kwa wazazi, tukanywa kwa waliotangulia. Ikafika zamu ya walimu. Nikajiweka sawa kwenye kiti na kushusha macho kwa unyenyekevu.

"Kwa dada yangu Guranda," Otari akasema, jasho linamtiririka, "aliyempa binti yangu kete kabla ya maziwa! Na kwa Lamzira, anayemvumilia kila Alhamisi! Mungu awape..."

Meza ikatikisika. Nargiza alikuwa amempiga teke, na teke lilikosea, lilinipata mimi.

"Lamzira gani?" nikauliza.

"Kula kwanza, wifi," Nargiza akasema, akinisogezea bakuli. "Maharage yanapoa."

"Lamzira gani, Nargiza?"

"Kwani Kutaisi kuna Lamzira wangapi?"

Alhamisi mimi hufundisha Tskaltubo, mji wa jirani, natoka mchana na kurudi jioni. Alhamisi Tatuli alikuwa na masomo ya Kiingereza, ndivyo nilivyoambiwa tangu Krismasi. Nikamgeukia. Kwetu shangazi humwita mpwa wake "shangazi" kwa mapenzi, na mapenzi siku ile niliyatia siki.

"Kiingereza kinaendeleaje, shangazi? Hebu tuambie neno moja tulisikie."

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nilitaka kukwambia."

"Lini? Kwenye mazishi yangu?"

"Guranda, leo ni siku ya mtoto," Otari akasema, glasi ingali hewani, hajui ainywe au aiweke.

"Wewe nyamaza, umeshasema vya kutosha! Tatuli, yule mwanamke nimemshinda tangu ana misuko miwili kichwani. Hajawahi kunipiga. Hata siku moja!"

"Najua. Anatuambia mwenyewe."

"Anawaambia?"

"Kila wiki. Anasema, mimi Guranda sijawahi kumshinda, halafu anacheka."

Anacheka! Mtu ukimpiga maisha yake yote halafu akawa anacheka, sasa umempiga nini? "Na anakufundisha nini huyo?" nikauliza.

"Hajanifundisha kitu. Anakaa tu, anakula mbegu."

"Basi unakwenda kufanya nini?"

Akaanza kuuma ukucha, na Nargiza akampiga mkono. Nilikunywa glasi yangu peke yangu bila hotuba, nikachukua koti. Nilijisikia kama mtu aliyefumania na bado akaambiwa ale maharage.

Alhamisi iliyofuata niliwapigia simu Tskaltubo, nikasema nina homa. Halikuwa jambo la uongo sana. Nikapanda ngazi za Nyumba ya Sataranji taratibu, nikishika ukuta, mimi Guranda, nanyata kama mwizi wa kuku kwenye jengo lililotundikwa picha yangu. Mlango wa Lamzira ulikuwa wazi kidogo. Nikaweka jicho.

Walikuwa wameuzunguka ubao mmoja, wasichana wote, na kwenye ubao kulikuwa na ule mchezo wa Aprili, mchezo wa Tatuli na Eka. Tatuli alikuwa amekaa upande wake wa siku ile. Lamzira alikuwa kwenye kiti pembeni, mguu juu ya mguu, mfuko wa mbegu mapajani.

"Eka anataka nini hapa?" akauliza.

"Anataka kuleta ngome katikati," Tatuli akasema.

"Akishaileta?"

Tk, tk. Nje mto Rioni unavuma, ndani wasichana wanatazama kete. Tatuli akanyoosha mkono, akaurudisha. Akajaribu kobe, Eka akamjibu, akairudisha kete mwenyewe na kutikisa kichwa. Akajaribu malkia, haikufaa. Lamzira hakusema ndiyo wala siyo. Nilingoja aseme. Nilianza kujikuna shingo. Jibu lilikuwa wazi kama jua, farasi anajitoa, anamla askari aliyesimama mbele ya mfalme, mfalme analazimika kutoka, basi. Nilikwisha kumwonyesha siku ile ile ya Aprili! Na sasa mtoto niliyemwonyesha kwa mkono wangu amekaa hapo hakumbuki, kana kwamba sikuwahi kufungua mdomo.

"Mimi mwenyewe sijui," Lamzira akasema, na kutema ganda. "Tafuteni."

Hajui! Anasema hadharani kwamba hajui, na wanamtazama kwa mapenzi! Tatuli alikuwa ameinama, ukucha umetoka mdomoni, mkono unaelea juu ya farasi, hauteremki. Akawa anasema peke yake kwa sauti ndogo, "Mfalme wake ana nani? Ana askari huyu. Askari huyu akiondoka..."

Sikuweza tena. Nasema kweli, ni kama kupiga chafya.

"Farasi!" nikapiga kelele kutoka mlangoni. "Mtoe farasi, mtoto wewe!"

Wote wakageuka. Mlango ukafunguka wenyewe, nikabaki nimesimama hapo na mkoba wangu. Nilitegemea Tatuli aone aibu kwa kufumaniwa. Alikuwa na hasira. Sikuwahi kumwona na hasira, midomo ilikuwa myeupe.

"Shangazi! Nilikuwa nafika!"

"Unafika wapi? Mmekaa hapo mpaka..."

"Nilikuwa nafika! Nilikuwa nimebakiza kidogo hivi!" Akaonyesha kwa vidole. Machozi yakaanza kumlenga. "Kwako tunaweka simu kwenye sufuria, halafu unakaa wewe mahali pake!"

Eka akacheka, akaziba mdomo. Hakuna mwingine aliyecheka. Mimi nimeambiwa mengi katika maisha haya, nimeitwa kiburi, nimeitwa kichaa, mwanamume mmoja aliwahi kuniita mwiba, lakini lile la simu liliniingia mahali ambapo sikuwa na ngozi. Na mtu akichomwa hapo hatafuti ukweli, anatafuta wa kumpiga.

"Lamzira," nikasema, "panga kete."

"Karibu, shoga. Unataka mbegu?"

"Panga kete. Nikikushinda, mtoto anarudi kwangu."

"Mtoto si jogoo, Guranda, hachezewi kamari."

"Unaogopa."

"Naogopa sana," akasema, na akakung'uta maganda kwenye sketi. "Nani hapa hakuogopi? Eka, mpe mwalimu kiti."

Tukacheza. Nilicheza kama ninavyocheza nikiwa na uchungu, mbele tu, bila huruma. Wasichana walikuwa wamesimama juu ya vichwa vyetu, nami nilitaka waone, nilitaka kila mmoja aone ni nani anajua na ni nani anakisia. Nikatoa askari. Nikatoa farasi mzima, nikasikia mmoja wao akivuta pumzi. Mfalme wa Lamzira akabaki kwenye kona na ngome zangu zote zinamtazama. Lamzira akashika mashavu yake kwa viganja, akakaa hivyo kwa muda mrefu, kisha akaninyooshea mkono juu ya ubao.

"Umenipiga tena," akasema. "Lo! Hii nzuri. Hii nzuri sana."

Nikasimama. "Tatuli, chukua mkoba wako, twende."

Tatuli hakuondoka pale alipokuwa. "Hamjaupitia, shangazi."

Wakanitazama wote. Ningefanyaje? Mimi ndiye niliyewafundisha nusu ya mji huu kwamba hairuhusiwi kuondoka. Nikakaa tena, koti mapajani.

Lamzira akarudisha kete mwanzo na kuanza kueleza, hana haya hata kidogo. Hapa nilikuogopa bure. Hapa nilitamani askari wako, tamaa tu, kama mtoto na peremende. Hapa nilidhani nimekubana, kumbe. Wasichana walikuwa wakimeza kila neno. Kisha akafika pale nilipomtoa farasi.

"Na wewe hapa ulikuwa unafikiria nini?"

"Sikufikiria. Niliona."

"Uliona nini?"

"Niliona tu, Lamzira! Inaonekana!"

"Kwako," akasema, bila kejeli. "Sisi wengine tupitishie njia."

Nikafungua mdomo wangu huu unaosifiwa. Najua kueleza hatua ya mtu mwingine yeyote. Ya kwangu sikuwa na la kueleza. Niliona, ndiyo, kama mtu anavyoona mvua inakuja, lakini ukimuuliza imetoka wapi anabaki anaonyesha mawingu. Nadhani nilisema muda umekwenda.

Tukafika mwisho, pale Lamzira alipokubali kushindwa. Mimi kwangu hapakuwa na la kutazama. Lakini Tatuli alikuwa ameinama.

"Shangazi anataka nini?" akajiuliza kwa sauti. Hakuwa ananiuliza mimi. "Anataka ngome ishuke huku. Ikishuka, mfalme kwisha. Isiposhuka... isiposhuka hana kitu. Ana farasi pungufu."

"Inashuka tu," nikasema, na mkono wangu ukaanza kwenda kwenye ubao kumwonyesha.

Haukufika. Lamzira alinishika kifundo cha mkono, akaushusha mkono wangu chini ya meza, akaushikilia hapo. Kiganja chake kilikuwa na chumvi ya mbegu. Nilimtazama kwa macho ya kuua. Yeye hakunitazama, alikuwa anamtazama Tatuli huku amebana pumzi. Hakujua jibu, niliona hajui. Alikuwa anatamani tu kuona. Tukakaa hivyo, wanawake wawili watu wazima tumeshikana mikono chini ya meza kama wachumba.

Tatuli akamshika malkia mweusi wa Lamzira. Akamvuta nyuma. Nyuma kabisa, kwenye kona ya mbali, mahali ambapo hakuna anayempeleka malkia, kwa sababu macho ya mchezaji hukimbilia mbele. Akamwacha hapo, akaondoa kidole.

Nikatazama. Ngome yangu haikuwa na pa kushuka. Nikajaribu ile nyingine, Tatuli akajibu. Nikajaribu kobe, akajibu bila kunitazama usoni, bila kumtafuta mtu yeyote kwa macho. Nikatafuta, nami natafuta upesi, na kila nilipofika nilimkuta malkia yule mweusi amekwisha kufika. Nilikuwa nimeshindwa. Lamzira alikubali kushindwa kwenye mchezo alioushinda.

"Mama yangu!" Lamzira akapiga kelele, akaniachia mkono na kujipiga mapaja. "Kumbe nilikuwa nimekupiga! Nilikupiga na sikujua! Tatuli, njia hii ilikuwa hapo muda wote?"

Wasichana wakalipuka. Eka alikuwa anaruka. Tatuli alikuwa anacheka, mikono yote miwili kichwani, na kwenye kicheko kile nikamwona yule mtoto aliyelala na kobe mkononi. Nilifurahi. Furaha ile sijawahi kuipata kwa kikombe chochote kilichomo kwenye lile kabati. Na papo hapo nilitamani kumng'oa Lamzira nywele zake nyekundu, unywele baada ya unywele, kwa sababu furaha hiyo alikuwa akiipata kila Alhamisi, miezi yote ile, na mimi niko Tskaltubo naeleza.

Nikavaa koti. Hakuna aliyenizuia. Lamzira alinisindikiza hadi mlangoni, akasema njoo na wiki ijayo, viti vipo. Sikumjibu, kwa kuwa nilikuwa namchukia.

Nilikuwa nimefika darajani niliposikia viatu vinakimbia. Tatuli, bila koti, skafu yangu mkononi.

"Umeisahau."

"Asante. Rudi, utapata baridi."

Hakurudi. Akaegemea chuma cha daraja, akaanza ukucha. "Lile la simu, shangazi, lilinitoka tu. Sikumaanisha."

"Ulimaanisha."

"Nilimaanisha kidogo." Akautoa ukucha mdomoni. "Nikirudi kwako moja kwa moja, utafurahi? Naweza kuacha Alhamisi. Nitamwambia Lamzira mwenyewe, hatakasirika. Sitaki ulie."

"Nani analia?"

"Basi. Nitaacha. Niseme ndiyo?"

Alikuwa ananitazama usoni, vilevile kama Aprili, alipoinua kichwa kunitafuta nyuma ya kamba. Angerudi kweli. Angekaa mbele kabisa, angeitikia kwa kichwa, angehifadhi kila neno langu, na siku ile ya kikombe angetaja jina langu. Kama siku hiyo ingekuja. Neno lenyewe lilikuwa dogo, lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno.

"Hapana," nikasema. "Utaendelea na Lamzira. Alhamisi, na hizo siku nyingine pia."

Akashtuka. Nadhani alikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa hilo. "Kwa nini?"

Sababu nilikuwa nazo zote. Nilikuwa nazo zimepangika, ya kwanza hadi ya mwisho, na ningezieleza vizuri kuliko mtu yeyote mjini Kutaisi. Alingoja nieleze, maana sijawahi kumwachia swali tangu azaliwe. Nikajifunga skafu. Akangoja tena, kisha akaacha kunitazama, akageuza uso kwenye maji, nikaona paji lake la uso linakunjana taratibu, ameanza kutafuta. Akitafuta atafika mahali ambapo pataniuma, na atafika, nilikwisha kuona anavyofika. Nilisimama pembeni yake nikijiuma ulimi, nikamwacha afikiri.